Mama Deo Alisikia Umugeni

Kwa Kiswahili, mgeni ni mtu aliyekuja na ambaye ataondoka. Kwa Kiha, umugeni ni bibi harusi, yaani mtu aliyekuja na ambaye hatarajiwi kuondoka. Kati ya maneno hayo mawili kuna tofauti ya silabi moja, na ndani ya silabi hiyo nimeishi miaka zaidi ya kumi. Wiki mbili zilizopita tulimzika Mama Deo huko Kitanga. Siku ya tatu ya msiba nilikuwa jikoni nachambua maharage pamoja na Bi Mwanaidi, muuza vitenge wa Kasulu mjini, rafiki wa marehemu wa tangu ujana, naye akaniambia jambo ambalo limenilazimisha kuupitia upya mwaka 2013, kama mwanafunzi aliyepata jibu sahihi kisha akaambiwa kwamba kuna mtu alimsogezea karatasi. Nitalisema jambo hilo mahali pake. Hapa nataka kwanza kusimulia mwaka wenyewe jinsi nilivyouona wakati ule, nikiwa na umri wa miaka ishirini na mitano, na hakika kubwa kwamba ukiuliza vya kutosha hakuna kitakachokupita.

Nilifika Kibondo Januari, nikiwa mwalimu mpya wa fizikia na hisabati, nikapangiwa nyumba moja na Agripina, mwalimu wa Kiswahili, mzaliwa wa Kitanga. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na sebule ndogo yenye bati lisilo na dari, hivyo mvua ikianza tulikatiza mazungumzo katikati na kuyaendeleza ikikatika, saa nyingine kesho yake. Kwenye ukuta mmoja wa sebule Agripina alitundika picha ya Bikira Maria. Kwenye ukuta wa pili mimi nilitundika jedwali la elementi. Tulikula katikati yao. Kila mlo Agripina alifumba macho na kusali, nami nilimsubiri huku kijiko kikiwa hewani, na karibu kila mlo nilimchokoza. "Unamshukuru nani? Sombe nimetwanga mimi." Akajibu bila kufumbua macho, "Na mvua iliyootesha majani ya huo muhogo, uliitwanga wewe?" Nikamwambia mvua ni mvuke uliopoa. "Basi mshukuru mvuke, tule." Sijawahi kuwa na rafiki ambaye nilibishana naye vizuri kiasi hicho. Nilikuwa sitafuti kumshinda. Nilikuwa natafuta kujua anasimama juu ya nini, kwa sababu mimi, niliyebatizwa Mlutheri na kupewa jina la Eliwaza, nilikuwa nimefika chuo kikuu na kugundua kwamba chini ya miguu yangu hapakuwa na kitu ila swali. Wanafunzi walinibandika jina la Mwalimu Kwa Nini kabla ya Februari kwisha.

Kaka yake Agripina, Deo, alikuwa bwana nyuki wilayani hapo hapo Kibondo. Kila Jumapili baada ya misa alikuja na chupa ya asali, akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango kwa sababu nguo zake zilinuka moshi, akala, akaondoka. Alikuwa na miaka thelathini na mitatu, hajaoa, na jambo hilo lilimkosesha mama yake usingizi. Mimi nilimwona kama mtu wa kumwazima tochi, si zaidi. Neno la kwanza la maana aliloniambia lilikuwa kuhusu jina langu. "Eli ni Mungu," alisema akilamba asali kidoleni, "na waza ni waza. Wazazi wako walikupa kazi, siyo jina." Nilicheka, kisha nikashangaa kwamba nimecheka.

Likizo fupi ya Pasaka Agripina akasema twende wote kwao nikapaone. Simu kwa mama yake ilikuwa shughuli. Kitanga wakati ule mtandao haukushika nyumbani. Ulishika juu ya kichuguu nyuma ya migomba, na Mama Deo alikipanda kila Alhamisi saa nne asubuhi, akasimama juu na simu yake ya kitochi akisubiri watoto wapige. Agripina alizungumza naye Kiha, lakini kama wasomi wengi wa kule alichanganya lugha bila kujua, na pale alipotaka neno la mtu anayekuja kutembea, akalichomoa kwenye Kiswahili na kulitamka Kiha-Kiha, kwa ile "u" ambayo ndimi za kwao haziiachi. Nilimsikia kwa masikio yangu akipiga kelele: tunakuja Jumamosi, mimi na Deo, na mugeni! Upande wa pili kulikuwa na upepo, kisha kimya, kisha sauti ya mwanamke ikisema neno moja mara tatu. "Amefurahi," Agripina akaniambia. Halafu akanifundisha maneno mawili ya Kiha ya kunitosha safari nzima: "mwakeye," ya kuamkia asubuhi, na "ego," yaani ndiyo.

Tulilala Kasulu mjini na kuingia Kitanga asubuhi, pikipiki tatu, matope mpaka kwenye magoti. Nilisikia vigelegele kabla sijaona nyumba. Wanawake wasiopungua thelathini walikuwa uani, na mkeka mpya, na mwanamke mfupi mwenye mwanya na kitenge cha njano, ambaye hakumtazama mwanawe wala binti yake. Alinijia mimi. Alinishika mkono akaniingiza ndani, akanikalisha, akaanza kuniuliza maswali. Agripina alikuwa ameitwa nyuma kumnyonyoa kuku. Deo alikuwa amezungukwa na wajomba. Nikatumia lugha niliyokuwa nayo. Mama Deo akauliza, nikasema ego. Vigelegele. Akauliza tena, ego. Vigelegele zaidi. Nikafikiri: hawa watu wanapenda majibu kweli kweli, laiti wanafunzi wangu wangekuwa hivi. Baadaye Agripina aliwahoji mashangazi na kunipa orodha ya niliyokubali. Nilikubali kwamba nimempenda Deo. Nilikubali kwamba nitalima maharage. Nilikubali kwamba nitaishi nao kwa shida na raha, na kwamba watoto wanne si wengi. Kwa neno moja, nililolirudia bila kujua naulizwa nini, niliposwa.

Chakula kilikuwa ugali wa muhogo, kuku, na samaki wa ziwani, migebuka, iliyopikwa kwa mawese hadi mchuzi ukawa rangi ya jua linalotua, na wazee walikuwa na rubisi, pombe yao ya ndizi, pembeni. Nilikula kama mgeni, kwa adabu. Waliniangalia nikila kama umugeni, kwa tathmini. Kisha Mama Deo akafungua mfuko, akatoa doti ya kitenge kipya, akanifunga yeye mwenyewe kiunoni huku wanawake wakiimba, na hapo ndipo Deo alipoingia. Nimeshamwona akiumwa na nyuki kumi bila kukunja uso. Siku ile alikunja. Alimtazama mama yake, akanitazama mimi na kitenge changu, akatoka nje kinyumenyume.

Tulikutana nyuma ya jiko, watatu, kwenye manyoya ya kuku.

"Wanaimba nini?" niliuliza.

"Wanaimba kwamba umekuja," Deo alisema.

"Si nimekuja kweli?"

"Umekuja kuolewa."

"Na nani?"

Deo akaangalia chini. Agripina akaziba mdomo kwa mkono uliojaa manyoya na kuanza kutikisika, na kwa muda sikujua kama analia. "Mugeni," alisema alipopata pumzi. "Mungu wangu. Nilisema mugeni. Naye akasikia umugeni."

"Wewe ni mwalimu wa Kiswahili!"

"Upepo, Eli! Kile kichuguu kina upepo!"

"Basi nenda ukamwambie."

"Ana presha. Ukimwambia leo mbele ya watu wote hawa, hii sherehe tutaigeuza msiba. Tumwambie watu wakiondoka."

Watu hawakuondoka. Walilala, wakaamka, wakala viporo. Tulipopanda pikipiki kesho yake, jambo la mwisho nililoona lilikuwa Mama Deo akimnong'oneza kitu Bi Mwanaidi, yule aliyekileta kitenge kutoka Kasulu, na Bi Mwanaidi akicheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya ushungi. Nilimwuliza Agripina wanacheka nini. "Wazee tu," alisema.

Tulikata shauri tumwambie kwa simu. Alhamisi ya kwanza Agripina alisimama mlangoni akipaza sauti hadi walimu wa nyumba za jirani wakatoka nje. "Mama, si umugeni! Ni mgeni! Mgeni tu, wa kutembea!" Sauti ikajibu kutoka kichuguuni, tulivu kabisa, na Agripina akageuka kunitafsiria: "Anasema ndiyo, umugeni. Anauliza unakula vizuri?" Alhamisi ya pili alipiga Deo. Mama yake alimsikiliza mpaka mwisho, akasema mtandao unakatika, akamwomba aninunulie viatu vya shambani. Ya tatu nilipiga mwenyewe. Nilisema mwakeye. Akanimwagia maneno mengi matamu ambayo sikuyaelewa, na nilipotaka kukanusha nikagundua kwamba sijui hapana kwa Kiha.

Ikabidi iundwe kamati. Deo akawa anakuja Jumatano pia, tupange mbinu. Kamati ilikuwa na wajumbe watatu, lakini Agripina alikuwa na kwaya siku za Jumatano, na sasa nikifikiria naona kwamba hakuwahi hata mara moja kuomba kwaya ibadilishwe siku. Mbinu hazikupatikana. Badala yake nilijifunza kwamba mtu huyu wa kuazimwa tochi alisoma kila kilichoandikwa, hata gazeti lililofungia vitumbua, na kwamba ukimwuliza swali hakukimbilia jibu. Siku moja mwezi wa Juni alinichukua porini akatundike mizinga. Alipaka nta ndani ya mzinga mtupu, akaufunga kamba, akaupandisha juu ya mninga, akashuka akipangusa mikono.

"Sasa?" niliuliza.

"Sasa tunaondoka."

"Nyuki unawaleta lini?"

"Siwaleti. Wanakuja wenyewe."

"Unajuaje watakuja?"

"Sijui."

"Sasa kwa nini unatundika?"

Alifikiri kwa muda mrefu, kama kawaida yake. "Wewe unataka waje kwanza ndipo nitundike. Watafikia wapi?"

Nilikuwa na pingamizi tatu dhidi ya hoja hiyo, na mbili kati yake bado naziona ni nzuri. Sikuzitoa. Nilikuwa naangalia nta kwenye kucha zake, nikijiuliza kwa udadisi, kama mtu anayesoma kipimo kisichoeleweka, kwa nini moyo unakwenda mbio ilhali tumesimama.

Julai, Jumatano, mvua haipo, sebuleni, kati ya Bikira Maria na jedwali la elementi, nilimwambia Deo kwamba miezi mitatu imepita na ni aibu, lazima Alhamisi hii tumalize jambo hili na mama yake. Akakubali ni aibu. "Basi tumwambie nini?" nikamwuliza. Aliweka kikombe chini. "Tumwambie," alisema, "kwamba alisikia vizuri." Ilinichukua muda kuelewa, mimi mwenye shahada. Kisha nikatumia lile neno langu la Kiha, ego, na safari hii nilijua nakubali nini. Agripina aliporudi kutoka kwaya akatukuta tumekaa kiti kimoja, hakuuliza chochote. Alipiga kigelegele kilichoamsha kuku wa Mwalimu Mkuu, na tangu siku hiyo hadi leo ananiita wifi.

Laiti ungekuwa mwisho. Wiki hiyo hiyo Agripina alisema, kama mtu anayesema kesho ni Ijumaa, "Utaingia kwetu, utasoma mafundisho, Novemba utapokelewa, mwakani harusi." Deo alikuwepo na hakusema neno. Nikachukua kimya chake kuwa ndilo sharti. Nikaandikishwa kwa katekista, Mzee Zakaria, aliyetufundisha Jumamosi mchana kwenye kibaraza cha kanisa, mimi na vijana watatu na mkulima mmoja wa makamo aliyesinzia. Nakiri kwamba niliyapenda mafundisho hayo kuliko nilivyopenda masomo mengi ya chuo. Niliuliza, kama Mungu anajua nitakachochagua, mimi nimechagua nini? Mzee Zakaria alivua miwani, akaifuta kwa shati, akasema, "Swali zuri, Mwalimu. Tutalijibu wiki ijayo," akaliandika kwenye daftari. Kufika Septemba daftari lilikuwa limejaa maswali ya wiki ijayo. "Nimefundisha watu mpaka wajukuu wao," aliniambia, "na hili ni daftari la kwanza ambalo mwanafunzi ni mimi." Alikuwa hatanii. Alilala nalo.

Lakini mwisho wa mafundisho kulikuwa na neno moja. Jumapili ya kupokelewa ningesimama mbele ya watu na kusema nasadiki. Nasadiki si kama nadhani, wala si kama natumaini. Ni neno ambalo mtu huuweka mwili wake mzima juu yake. Nililipenda neno hilo mno kiasi cha kutoweza kulitumia vibaya, na sikuwa na namna ya kulitumia vizuri. Kadiri Novemba ilivyokaribia nilianza kuamka na hesabu ileile: nikilisema bila kuwa nalo, nitaanza ndoa kwa uongo mbele ya watu ninaowapenda, nisipolisema, nitampoteza Deo, na rafiki yangu, na mwanamke wa kichuguuni ambaye alikuwa amekwisha kuninunulia jembe. Jioni moja Agripina alinikuta mbele ya kioo nikilijaribu kwa sauti mbalimbali.

"Unafanya mazoezi?"

"Halitoki. Linakwama hapa."

"Ni neno moja, wifi. Watoto wa darasa la tatu wanalisema."

"Ndiyo, lakini wao wanajua wanasema nini?"

Aliweka mwiko chini polepole. "Hapo ndipo unaponiudhi. Unadhani sisi tunalisema kwa sababu hatujafikiri. Miezi kumi unanitazama nikisali kama unavyotazama panzi aliyechomwa pini. Hujawahi kuniuliza mimi kama linanikwama."

"Linakukwama?"

"Sasa ndiyo unauliza," alisema, akaingia sebuleni, akaitoa picha ya Bikira Maria ukutani na kuipeleka chumbani kwake. Ilibaki alama ya mraba, nyeupe kuliko ukuta uliobaki. Kwa wiki moja tulikula tukiitazama alama hiyo, na hakusali tena mbele yangu.

Jumamosi ya kabla ya siku yenyewe nilidamka kwenda Kitanga peke yangu. Sikuwa na mpango ila mmoja: yule niliyeanza kumdanganya kwa ego ndiye awe wa kwanza kuambiwa ukweli. Nilimkuta Mama Deo jikoni na ungo wa maharage. Kufikia wakati huo nilikuwa na Kiha cha kuombea maji, naye alikuwa na Kiswahili chake cha sokoni, na katikati tulikutana. Nikamwambia. Nilisema mimi sijui kama Mungu yupo. Nimetafuta, sijui. Kesho watataka niseme najua.

Aliendelea kurusha maharage hewani na kuyadaka. "Imana imekuuliza wewe?" alisema, akimtaja Mungu kwa Kiha.

"Kuniuliza nini?"

"Kama ipo."

"Hapana, Mama. Padri ndiye ataniuliza."

"Aa. Huyo anauliza kwa sababu ndiyo kazi yake." Akanisogezea ungo nusu, nikaanza kuchambua mawe. Baada ya muda akasema, "Kesho ukisema uongo kwa ajili yangu, dhambi hiyo nani ataiungama? Wewe huendi kuungama. Mimi? Mimi ninazo zangu." Kisha akatabasamu, mwanya wote nje, na akainuka kutafuta kanga ya safari kwa sababu alikuwa anakuja nami Kibondo. Kwa miaka mingi nilidhani tabasamu lile lilikuwa la huruma.

Jumapili kanisa lilijaa. Tulisimama mbele, wale vijana, mkulima, na mimi. Wenzangu walisema, mmoja mmoja, hata mkulima, macho makavu kabisa. Padri akaja mbele yangu na kuuliza. Nilimwona Deo benchi la pili, mikono magotini. Nilimwona Agripina katika kwaya, hanitazami. Nikasema, na sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka, "Baba, sijaweza kusadiki. Bado nauliza."

Kanisa zima liligeuza shingo kunitazama. Kisha kutoka benchi la mbele Mzee Zakaria akasimama, akainua mkono. "Ni kweli, Padri," alisema. "Ninalo daftari."

Mtu alicheka, kisha wengi, na Padri akajikaza lakini mabega yalimsaliti. Alipoweza kusema alisema, "Basi keti, mwanangu, uendelee kuuliza," akarudi altareni. Baada ya misa aliniita sakristia. Deo alinifuata bila kuitwa. Nilianza kuomba radhi kwa ajili ya harusi isiyokuwepo, na Padri akanikata. "Umebatizwa, wewe?" Nikasema ndiyo, Kilutheri. "Na unataka kuolewa na huyu?" Nikasema ndiyo. "Sasa shida iko wapi? Hiyo ni ndoa mseto. Inaombewa kibali kwa Askofu. Kuna fomu." Akavuta droo akaitoa, ya kijani, imekunjamana pembe. Niliitazama fomu ile kama mtu aliyevuka mto kwa kuogelea kisha akaonyeshwa daraja. Katika maswali yote niliyowahi kuuliza mwaka ule, sikuwahi kuuliza kama kuna njia nyingine. Nikamgeukia Deo. "Kwa nini ulinyamaza?" Akasema, "Ningekwambia usisome, ungedhani sikutaki. Ningekwambia usome, ungedhani nakutaka kwa sharti. Nikatundika tu."

Agripina alikuwa nje, karibu na baiskeli ya Mzee Zakaria, amekumbatia kitabu cha nyimbo. Nilijiandaa kwa lolote.

"Nilidhani utasema," alisema.

"Najua. Nisamehe."

"Subiri, sijamaliza. Nilidhani utasema, na nilikuwa nimekwisha kuanza kukasirika. Kama ungesema, Eli, nisingekuamini tena hata ukiniambia chumvi imekwisha." Akanipa kitabu nimshikie, akapenga kamasi. "Na ndiyo, huwa linanikwama. Zaidi Jumatatu." Jioni ile picha ilirudi ukutani, sentimita moja kushoto kwa alama yake, na imebaki hivyo katika kumbukumbu yangu, na kistari cheupe chembamba pembeni. Tulifunga ndoa mwaka uliofuata, kibali kilipofika. Tangu hapo Jumapili nyingi nakaa benchi la pili nikiendelea kuuliza, na sina jibu la kumpa msomaji. Mzee Zakaria alifariki na daftari halijaisha, liko kwangu.

Sasa nirudi jikoni, wiki mbili zilizopita. Bi Mwanaidi amezeeka, miguu imevimba, lakini alikuja kutoka Kasulu na kuketi msibani siku zote tatu, akisoma dua zake pembeni huku wenzake wakisali rozari, na hakuna aliyeona ajabu. Tulikuwa tunachambua maharage kwa ungo uleule. "Mwenzangu huyu," alisema, "tulikaa meza moja sokoni miaka na miaka, yeye maharage, mimi vitenge. Kutwa kucha anawaita wateja: karibu mgeni wangu, karibu mgeni, jaribu maharage ya Kitanga. Sauti yake ilikuwa hiyo tu."

Mkono wangu ulisimama. "Alikuwa anajua neno mgeni?"

Bi Mwanaidi alinitazama kama anayepima kama nimekua vya kutosha. "Mwanangu, siku aliyopigiwa simu alishuka moja kwa moja mpaka dukani kwangu kutafuta kitenge. Nikamwuliza, Deo anaoa? Akasema, Agripina amesema mgeni. Nami nimeamua kusikia ninachotaka. Kama hawataki, watanirekebisha." Akaanza kucheka, kicheko kilekile, ncha ya ushungi machoni. "Mkamrekebisha kila Alhamisi! Alikuwa akishuka kichuguuni anashika mbavu."

Niliwaita Deo na Agripina nikawaambia. Deo alitoka nje, na nilimwona kupitia dirishani akienda nyuma ya migomba na kukipanda kichuguu, mtu mzima mwenye mvi, akasimama juu mahali ambapo siku hizi hakuna anayehitaji kusimama, kwa sababu mtandao unashika hadi chooni. Agripina aliketi chini palepale. "Miaka yote hii nawafundisha watoto kutofautisha maneno," alisema. "Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kusikia vibaya kwa makusudi." Mimi nilikumbuka ule mwanya: ninazo zangu. Nilitafuta hasira mahali inapokaa, nikaikosa. Nilichokiona ni mzinga mtupu uliopakwa nta, unapandishwa juu ya mti na mtu asiyejua kama kuna atakayekuja.

Alasiri waombolezaji wakaongezeka, na mwanamke mmoja wa ukoo, aliyetoka mbali na asiyenijua, akachukua usimamizi. Aligawa watu mlangoni kwa mkono: wageni uani kwenye viti, wa nyumbani jikoni. Alipofika kwangu akasita, akamwuliza Agripina kwa kidevu, na huyu?

"Mugeni wa Mama," Agripina alisema.

Kwa mara ya kwanza maishani sikuuliza ni kwa lugha gani. Nilikaza kitenge, nikaingia jikoni.